Injini Iliyokohoa Berchem

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza: "Ingénieur, ni kweli ulipanda ndege kufuata injini?" Ni kweli. Nimeshasimulia kisa hiki vipande vipande, kanisani, benki, na mara moja kwa kinyozi nikiwa na povu shavuni, kwa hiyo nimeona afadhali niandike chote mara moja. Naandika kwa Kiswahili cha shule kwa sababu baadhi yenu mnaosubiri habari hii mko Kigoma na Bujumbura, na mkisoma Kiswahili chetu cha Lubumbashi mnacheka badala ya kuelewa. Ila wale waliozungumza nami nimewaacha wazungumze kwa vinywa vyao.

Kwa wasionifahamu vizuri: nilifika Brussels kijana, bila udhamini wa masomo wala mjomba serikalini. Mchana niliosha sufuria katika mgahawa mmoja wa Auderghem, jioni nikasoma, hadi nikapata diploma ya ufundi wa injini, ya kwanza katika ukoo wetu, upande wa baba na upande wa mama. Ipo ukutani sebuleni, na mgeni akikaa kwenye kiti kikubwa hawezi kuikwepa. Kwa jasho langu nikanunua gari la bluu la dizeli, refu la familia. Ndani ya gari hilo nilimtoa binti yangu Naomi hospitali alipozaliwa, theluji ikianguka. Nilipoamua kurudi nyumbani kwa hiari yangu, wenzangu wakaniita mjinga. Nilirudi na mke, mtoto, diploma na gari. Leo nafundisha ufundi, na gari limepita kilomita laki sita.

Naomi alipochumbiwa alisema jambo moja tu: "Papa, nitaenda kanisani na la bluu." Nikaapa mbele ya wakwe. Haukupita muda mrefu, nikiwa kwenye mlima, konrodi, chuma kinachoshika pistoni, ikakatika na kutoboa bloku, mwili wenyewe wa injini. Mwenye kujua injini anajua kwamba hapo hakuna gundi wala sala. Jirani yangu Kasongo, ambaye ana gari jipya jeupe analolipangusa hadi matairi, akaja kunipa pole, mikono nyuma kama aliyefika msibani.

"Pole, Ingénieur. Ile gari ilishakufa, uizike. Mutoto nitamupeleka miye. Bure."

Neno hilo "bure" ndilo lililonipandisha ndege. Injini ya aina ile haipatikani Lubumbashi, na mtu wa diploma yangu hanunui injini kwa kuangalia picha kwenye simu.

Lubumbashi hadi Addis, pamoja na mchungaji

Tiketi na viza naviruka, havina utamu. Addis Ababa tulicheleweshwa mchana kutwa. Pembeni yangu alikaa mchungaji mmoja wa Kisangani, mnene, mwenye vitumbua vya mke wake kwenye kopo la maziwa. Alinikaribisha kimoja, kisha akaniuliza ninakwenda Ulaya kutibiwa nini. Nikamwambia mgonjwa ni gari.

Aliacha kutafuna. "Ndugu yangu, miaka yote hii ninasafiri. Niliona batu banaenda juu ya figo, juu ya macho, juu ya masomo. Juu ya moteur, siyaona!"

Akacheka hadi vitumbua vikatikisika. Halafu, akiwa mtu wa kazi yake, akafumba macho akaiombea injini ambayo hakuna aliyejua iko wapi. Aliomba iwe na nguvu, iwe ya mtu mwaminifu, na isinywe oili. Nikaitikia amina kwa sauti, hasa hapo kwenye oili.

Uwanja wa ndege wa Brussels, ofisa alinitaka nimweleze ninakuja kumwona nani. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya injini yangu iliyotoboka. Aliitazama sana. Akamwita mwenzake, naye akaitazama, akasema kwa Kifaransa kwamba baba yake alikuwa na gari kama hilo na halikuwahi kumwacha njiani. Wakanipitisha kama mtu aliyefiwa.

Koekelberg na Anderlecht

Nilifikia kwa binamu yangu Clarisse, huko Koekelberg. Ni mhudumu wa wazee, mama wa watoto wawili, na hana subira na mtu yeyote asiyeumwa. Dirisha lake la jikoni linatazama basilika lenye kuba la kijani. Siku ya kwanza alinipikia bukari, ugali wetu, na dagaa, akanipa blanketi, akasema: "Karibu. Ila hapa kila mutu anaosha sahani yake, hata wenye diploma." Nikamjibu kwamba diploma yangu ilitokana na sahani. Akanipa na sufuria.

Asubuhi yake nikaenda Anderlecht, karibu na mfereji, kwenye mitaa ya wauza magari ya zamani. Enzi zangu ungeweza kuchagua injini pale kama unavyochagua nyanya. Sasa mambo yamegeuka. Jiji limepiga marufuku dizeli za zamani zisitembee barabarani kwa sababu ya moshi, kwa hiyo magari kama langu yanapakiwa meli mazima kwenda Afrika, na hakuna anayejisumbua kutoa injini moja na kuiweka chini.

Muuzaji mmoja mwenye masharubu alikuwa nayo moja. Ilikuwa imeoshwa kwa mvuke ikapakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikaikagua kwa tochi. Nikazungusha shafti kwa spana, nikasikia inakwaruza. Nikamwambia injini ikipakwa rangi hivyo ujue inaficha makunyanzi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamweleza, kwa urefu. Akanipa kahawa, akakiri kwamba injini ilitoka kwenye gari lililokaa ndani ya maji, akanisihi nisiwaambie wanunuzi wawili waliokuwa nyuma yangu. Niliwaambia.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Nilikula mkate mrefu uliojazwa viazi vya kukaanga na nyama, sosi ikichuruzika hadi kwenye kiwiko, nikatembea, nikakagua, nikakataa. Nyumbani Kasongo alikuwa ameshamwambia mke wangu kwamba amenunua riboni za kupamba gari lake. Mke wangu alinitumia habari hiyo bila kuongeza neno.

Jioni moja Clarisse, akivua viatu vya kazi, akasema: "Lakini, kuna Maman mumoja tunasali naye, Maman Georgette wa Berchem. Bwana yake alikufa mwaka uliopita. Gari ya bluu kama ya kwako iko mu garage, haitembei tena juu ya ile sheria ya moshi. Uende samedi, umwambie nilikutuma."

"Umeishi nami siku zote hizi ndiyo unakumbuka leo?"

"Kwani uliniuliza? Ulikuwa unanihadisia diploma."

Berchem, nikiwa na ovaroli

Jumamosi nilivaa ovaroli safi, nikabeba mkoba wa spana, nikapanda tramu hadi Berchem-Sainte-Agathe. Nyumba niliiona kutoka mbali kwa sababu ya watu. Walikuwa wamejaa uani, wanawake wote kitenge cha namna moja, wanaume mashati meupe, masufuria yanafuka, hema limefungwa. Clarisse hakuniambia, kwa sababu hakujua kwamba wameisogeza tarehe: siku hiyo ndiyo walikuwa wanatoa kilio. Kwa wasioijua desturi hiyo, ni siku ambayo wafiwa wanavua huzuni na vitu vya marehemu vinagawiwa ndugu. Hadi saa hiyo ifike, hakuna anayegusa hata kofia yake.

Kabla sijafungua mdomo, kijana wa nyumba, mtoto mkubwa wa marehemu, mwanaume mzima mwenye ndevu, alinishika mkono.

"Fundi! Enfin! Maspika zinakatala kulia, na chorale inangoja."

Walikuwa wamemwita fundi wa muziki, nao wakaona ovaroli. Ningeweza kukanusha. Lakini mtu aliyesoma hapiti mbele ya kifaa kibovu kama hakukiona. Nikafuata waya kutoka kwenye spika, ukutani, hadi gereji, na humo nikakuta soketi moja imebebeshwa friji, kikaangio na muziki wote. Nikatenganisha, nikakaza, na nje chorale, kwaya yao, ikalipuka kwa sauti. Watu wakapiga vigelegele. Wakaniletea sahani palepale gereji: bukari, sombe yaani kisamvu, kuku na samaki wa kukaanga.

Nikala nikiwa nimesimama, na mbele yangu, chini ya shuka jeupe, kulikuwa na umbo ninalolijua kuliko la mwili wangu. Nikainua ncha ya shuka. Bluu ileile.

Hapa ndipo nilipokosea. Niliweka sahani chini, nikafungua boneti.

Jamaa zangu, nimefungua boneti nyingi. Ile ilinifanya nivue kofia. Bloku kavu, hakuna tone. Kila boliti kubwa ilikuwa na nukta ya rangi nyeupe, ili mtu aone mara moja kama imelegea. Nilikuwa nimeinama hadi kiunoni, tochi mdomoni, niliposikia nyuma yangu:

"Weye njo nani?"

Alikuwa Tonton, yaani ami, Anselme, mdogo wa marehemu, mkuu wa familia tangu siku ya mazishi. Mrefu, tai nyeusi, fimbo.

"Fundi, Tonton," nikasema, tochi ikidondoka.

"Fundi wa muziki iko amefika sasa hivi, iko kwa mulango. Weye unafanya nini mu gari ya kaka yangu?"

Nikasema ukweli: ninatoka Lubumbashi, nimetumwa na Clarisse, nimekuja kuona injini. Akatoka nje, akainua fimbo, chorale ikakatika katikati ya ubeti.

"Banaitu, mumuone huyu! Kilio haiyaisha, yeye anashaanza kugawa!"

Maikrofoni

Walinisimamisha katikati ya hema. Mama mmoja akasema hata nzi hunawa kwanza. Mwingine akasema: "Na amekula kuku! Miguu yote mbili!" Wakanitazama kama mwizi wa kanisani, na mimi nikaona injini ile na kiapo changu vikiniponyoka, na riboni za Kasongo zikifungwa.

Sauti ndogo ikatoka kwenye kiti cha mbele. "Anselme, umuache. Mupe micro. Kila mutu hapa amesema alimujulia wapi Dieudonné. Na yeye aseme."

Ndiye alikuwa Maman Georgette, mjane mwenyewe, mwembamba, blanketi magotini ijapokuwa jua lilikuwa limetoka.

Nikashika maikrofoni. Nimezoea kusimama mbele ya madarasa, na sijawahi kukosa la kusema, lakini siku ile niliona heri niseme tu nilichokiona. Niliwaambia sikumjua Papa Dieudonné. Nimeijua injini yake kwa muda wa wimbo mmoja. Ila nimesoma injini miaka mingi, na injini haimsingizii mwenyewe. Nikawaeleza nukta nyeupe: huyu alikuwa mtu asiyelala kabla ya kuhakikisha mlango umefungwa. Wakaanza kutazamana. Nikawaambia kuna bomba moja la mpira amelifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na waya, namna wanavyofunga madereva wa barabara ya Likasi, na hapa Brussels maduka yamejaa mabomba mapya. "Huyu," nikasema, "hakuacha Likasi."

"Likasi kabisa!" akapaza mzee mmoja nyuma. "Alizaliwa pale nyuma ya gare ya treni!"

"Na kuna jambo la mwisho. Mabomba ya hita, yale yanayopeleka joto ndani ya gari, ni mapya kuliko kitu kingine chochote mle. Dereva aliye peke yake huvaa koti akavumilia. Mabomba yale hubadilishwa na mtu mwenye abiria anayesikia baridi."

Maman Georgette akainua mkono polepole kama mwanafunzi.

"Njo miye," akasema. "Miguu yangu."

Wanawake wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kama wanavyojua wao tu. Maman akanikazia macho. "Na kikohozi, uliisikia?"

"Kikohozi gani, Maman? Sijaiwasha."

"Alors, uiwashe."

Tonton Anselme hakusogea. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Alikuwa ameutembeza mwaka mzima. Akanipa bila kunitazama.

Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo tukaazima chaji kwa waya kutoka gari la mgeni mmoja. Nikapampu dizeli kwa mkono hadi hewa ikatoka. Nikawasha. Injini ikazunguka, ikakohoa mara moja, kikohozi kizito cha mzee anayejiandaa kusema neno, ikanyamaza kidogo, halafu ikashika na kutulia, laini, sawasawa.

Mwenye ndevu, mtoto wa marehemu, aliweka kiganja juu ya boneti.

"Kila asubuhi," akasema Maman Georgette. "Ile kikohozi njo ilikuwa inaniamusha. Namwambia: Dieudonné, utengeneze, inatupatisha haya kwa majirani! Anasema: kesho. Miaka yote ile, kesho."

Vicheko vikarudi. Mimi nikatoa bahasha yangu ya pesa. Tonton akaisukuma kwa ncha ya fimbo.

"Bintu ya marehemu, siku ya leo, hatuuzishe. Tunagawa. Na tunagawa kwa ndugu. Donc, huyu ni ndugu ao hapana?"

Watu wakaanza kubishana. Watoto wa marehemu wakasema wao walitaka tu gari liondoke, lilikuwa limeshapangiwa kwenda kukatwa. Mzee wa Likasi akauliza babu yangu aliitwa nani, nikamtajia, akasema hamjui lakini jina si baya. Maman ndiye aliyefunga shauri.

"Anajua juu ya miguu yangu. Ndugu gani mwengine hapa alijua? Atakuwa mutoto."

"Bon," akasema Tonton. "Mutoto. Lakini mutoto aliyefungula capot bila ruhusa, amende: kreti mbili za bia. Leo."

Nikalipa faini hiyo kwa furaha kubwa kuliko malipo yoyote maishani mwangu. Kabla sijaondoka Maman akanivuta kwenye kola ya ovaroli.

"Ile kikohozi, usiiguse."

Mnielewe hapo. Sababu ya kikohozi kile niliijua tangu sekunde ya kwanza: nozeli moja, ile pua inayonyunyiza mafuta, inadondosha dizeli injini ikilala. Ninaitengeneza kabla chai haijapoa. Kumwomba mtu kama mimi aache injini ikohoe ni kumwomba fundi cherehani aende harusini na shati lisilo na kifungo. Nikasema ndiyo, mbele ya watu wote, na maikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi.

Kurudi, na vilivyorudi ndani ya sanduku

Tuliishusha injini pamoja na watoto wa marehemu, tukaimwaga oili yote, tukaifungia kwenye sanduku la mbao. Niliporudi na misumari ya mwisho nikakuta Clarisse na wanawake wa kanisa wamelizunguka.

"Sanduku haiendake mutupu," akasema Clarisse.

"Si tupu! Ndani mna injini!"

"Kando ya moteur kuna nafasi."

Wakajaza: viatu vya wapwa, maziwa ya unga, majoho ya chorale ya Likasi, wigi mbili, sweta zenye majina ya watu zimezungushiwa bloku kama mgonjwa wa baridi. Ndani ya nozeli tu ndimo hawakutia kitu, na nadhani ni kwa sababu sikuziondolea macho.

Nikarudi kwa ndege; sanduku likafuata kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha lori kupitia Zambia. Mpakani Kasumbalesa malori yalipanga foleni, na letu likakaa humo hadi harusi ikawa ni wiki inayofuata. Kasongo alikuwa akiosha gari lake kila asubuhi mbele ya lango langu. "Ingénieur, moteur iko inatembea na miguu?" Naomi alikuwa akimjibu kwa niaba yangu: "Inakuja, tonton."

Sanduku lilipofika, wenye vifurushi walifika kabla yangu. Nilisubiri zamu yangu nyuma ya mama mmoja wa wigi ili niione injini niliyoifuata ng'ambo ya bahari.

Tulifunga injini mimi na mwenzangu Banza, anayefundisha umeme shuleni kwetu. Akiisafisha nozeli ya pili, akaiinua kwenye mwanga. "Ingénieur, hii inavuja. Tuko na mupya pale. Tubadilishe?" Nilishika ile nzee mkono huu na ile mpya mkono huu. Wageni wote wa harusi, wakwe, wanafunzi wangu, Kasongo na shingo yake, wote wangekuwepo. Nikairudisha nzee mahali pake, nikaikaza, nikaitia nukta nyeupe.

Kutoka nyumbani hadi kanisani

Kipande cha mwisho cha safari yangu ni kifupi kuliko vyote, kutoka lango langu hadi kanisani. Naomi alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, nguo yake imejaza gari kama mawingu. Kasongo alikuwa ameegesha pembeni, riboni tayari, "en cas de cas" alivyosema mwenyewe, yaani lolote likitokea. Mke wangu alipiga simu Berchem, akaisogeza simu karibu na boneti.

Nikawasha. Ikakohoa. Ikanyamaza.

"Ingénieur!" Kasongo akapiga kelele, na mtaa mzima ukasikia. "Iko mugonjwa!"

Watu walipoanza kucheka, injini ilikuwa imeshashika, inanguruma polepole, sawasawa, kama ilivyofanya Berchem. Sauti ndogo ikatoka kwenye simu:

"Eeh. Ameamuka." Halafu: "Bibi-arusi, uko mu gari? Miguu yako haisikie baridi?"

"Hapana, Maman," akajibu Naomi, na jasho lilikuwa linamtoka puani. "Iko joto muzuri."

"Bon. Mwende basi, musimucheleweshe padri."

Nikatia gia. Kasongo alitufuata nyuma hadi kanisani kwa gari lake jeupe, riboni zikipepea, na kiti chake cha nyuma kilikuwa kitupu.